Preah Vihear: hekalu liko Kambodia, ngazi zinatokea Thailand

Chukua simu yako, fungua ramani, weka ile ya setelaiti halafu andika Preah Vihear. Usiangalie jina la nchi kwanza, angalia umbo. Mahekalu mengi makubwa ya Wakhmer, watu wa dola ya kale ya Kambodia, ukiyatazama toka juu ni mraba ndani ya mraba, ukuta, ua, ukuta, ua, mnara katikati, basi. Hili halina habari hiyo, lenyewe ni mstari. Mstari wa mita 800 hivi unaoanzia kaskazini kwenye mteremko, unapanda polepole kwenda kusini, ngazi, njia, lango, njia tena, lango tena, mpaka unafika kileleni halafu pap, mlima umekatika, mbele yako hamna kitu ni hewa tupu, na tambarare ya Kambodia iko kule chini zaidi ya mita 500 imetandikwa kama mkeka.

Sasa rudi uangalie mpaka umepita wapi. Kule kaskazini ngazi zinapoanzia, ukitembea kidogo tu uko Thailand. Yani nyumba iko Kambodia, vyumba viko Kambodia, ila baraza limetazama kwa jirani.

Kila Kambodia na Thailand wakichapana unasikia kwenye taarifa ya habari "hekalu la kale linalogombaniwa" na stori inaishia hapo, kama vile ni shamba la mirathi tu lenye mti wa mwembe katikati. Hakuna anayekuambia hekalu lenyewe likoje, lilijengwa litumikeje, na kwa nini mlango wake mkuu uko upande ambao leo ni wa mwenzio. Mi nasema ugomvi huu huwezi kuuelewa kwa kusoma ramani peke yake, inabidi usome jengo. Na ukishalisoma jengo utagundua kitu ambacho pande zote mbili hawapendi kukisikia, kwamba kilichopotea pale sio ardhi. Kimepotea kitu kingine, ntakuja huko.

Tuanze na wenyewe waliojenga. Mahali pale palianza kama makazi ya watawa wa Kihindu karne ya 9, wakati wa mfalme Yasovarman wa Kwanza ambaye ndiye aliyehamishia makao makuu eneo la Angkor. Mungu wa pale ni Shiva, lakini Shiva kwa jina la Shikhareshvara, Bwana wa Kilele. Hilo jina ni muhimu kuliko linavyoonekana. Wakhmer walikuwa wanajenga milima ya kubuni, wanarundika udongo na mawe kwenye tambarare mpaka wapate piramidi la kuwakilisha mlima Meru wanakokaa miungu, angalia mahekalu ya Angkor, angalia Baphuon, angalia Angkor Wat yenyewe ya karne ya 12. Ila hapa, kwenye safu ya milima ya Dangrek, mlima ulikuwepo tayari, Mungu kauweka, fundi kazi yake ilikuwa kuongezea njia tu. Kwahiyo pale hawakujenga mlima, walijenga mpando.

Majengo mengi unayoyaona leo ni ya nusu ya kwanza ya karne ya 11, enzi ya Suryavarman wa Kwanza aliyetawala mpaka karibu 1050, halafu Suryavarman wa Pili, huyohuyo wa Angkor Wat, akaja kuongezea karne ya 12. Huyu wa pili alikuwa na mwalimu wake wa dini anaitwa Divakarapandita, mzee mwenye heshima kubwa sana, ambaye alifika pale kwa niaba ya mfalme na zawadi, na maandishi ya kwenye mawe yanataja mojawapo ilikuwa sanamu ya dhahabu ya Shiva akicheza ngoma. Ya dhahabu. Angkor mpaka pale ni kama kilomita 140 ukikata moja kwa moja, na hao hawakuwa na gari.

Kuna mtu mwingine kwenye maandishi ya pale ambaye mimi nampenda kuliko wafalme wote, anaitwa Sukarman. Huyu alikuwa karani. Kazi yake ilikuwa kutunza orodha ya mali za hekalu na kumbukumbu za ufalme, nasaba za wafalme toka mwanzo mpaka Suryavarman, nani alifanya nini, ofisi ipi ya kifalme ilikuwa ya ukoo upi. Zilikuwa zinaandikwa kwenye majani, zinahifadhiwa huko juu mlimani, na mfalme akampa yeye na familia yake ardhi kama shukrani. Fikiria hilo, nyaraka za serikali zinatunzwa kwenye kilele cha mlima ukingoni kabisa, sio mjini. Yale majani yameoza zamani, limebaki jiwe linalosema majani yalikuwepo. Mlikumbuke hili tukifika kwenye kesi, maana hekalu lililokuwa masijala ya ufalme lilikuja kuamuliwa kwa karatasi iliyochapwa Paris.

Haya tupande sasa, tuanzie chini kule kaskazini kama fundi alivyotaka.

Ngazi ya kwanza ina vidato zaidi ya 160, upana kama mita nane, na sehemu kubwa haikujengwa, imechongwa kwenye mwamba wenyewe wa mlima. Pembeni wamekaa simba wa mawe. Vidato ni virefu na vyembamba kwahiyo hupandi umenyooka kama unaenda benki, unapanda umeinama, na hapo tayari fundi ameshakufanya uiname kabla hujaona hata ukuta mmoja. Ukimaliza unapumua kwenye uwanja mrefu uliotandikwa mawe, kulia na kushoto kuna majoka mawili, Naga, vichwa saba kila moja, vichwa vimetazama kaskazini kule ulikotoka. Haya majoka yamelala chini kabisa juu ya sakafu. Kwenye mahekalu ya baadaye kule Angkor utaona mwili wa joka umenyanyuliwa juu ya vinguzo unakuwa kama ukuta wa daraja, ila hapa bado ni nyoka kweli, kajilaza anaota jua.

Halafu unafika lango la kwanza. Watafiti wanayahesabu kinyume, wanaanzia juu, kwahiyo hili la kwanza kwako wao wanaliita gopura ya tano. Gopura ni lango lakini sio geti la bati, ni jengo zima la kupitia. Hili lina umbo la msalaba, ni nguzo tupu, na zamani lilikuwa na paa la mbao na vigae ambalo limeshaondoka lote, zimebaki nguzo na zile pembetatu za juu zimesimama zenyewe angani. Ziangalie zile pembetatu vizuri. Ncha zake zimejikunja kwa nje kama ulimi wa jani, na hiyo ni mitindo ya seremala, sio ya mwashi. Yani fundi wa mawe anaiga kazi ya mbao, anakata jiwe la mchanga la tani kadhaa alifanye lionekane kama ubao uliopindwa. Hiyo ndo saini ya Preah Vihear kwangu mimi, ukiona picha yoyote yenye nguzo nyembamba na pembetatu iliyojikunja na mawingu nyuma, ndo hapo.

Toka hapo unatembea kwenye njia pana zaidi ya mita 200, pembeni nguzo fupifupi za mawe zimepangwa kama askari wa gwaride, na pembeni yake kuna bwawa lililochimbwa kwenye mwamba maana mlima huo hauna mto na watu walikuwa wanaishi pale. Unafika lango la pili kwa hesabu yako, gopura ya nne. Unapita. Wengi wanapita wakaendelea zao, na hapo ndo wanakosea, maana kazi nzuri kuliko zote pale imechongwa upande wa kusini wa lango, mgongoni, huwezi kuiona mpaka utoke upande wa pili halafu ugeuke nyuma. Ukigeuka unaona miungu upande mmoja na majitu upande mwingine wanavuta joka kama wanacheza kuvuta kamba, joka limezungushwa kwenye mti, mti umesimama juu ya kobe, wanasuka bahari ya maziwa ili itoke dawa ya kutokufa. Mtu yeyote aliyewahi kusukasuka kibuyu cha maziwa akisubiri siagi ataielewa ile picha bila kufundishwa Uhindu. Na chini yake, kwenye linta ya mlango kama mafundi wetu wanavyoita, Vishnu amelala juu ya joka. Mi nadhani kuiweka kule nyuma haikuwa bahati mbaya. Fundi anakuambia kila ukipanda hatua, simama, geuka, tazama ulikotoka.

Na ulikotoka ni kaskazini. Hapo ndo kwenye hoja.

Mbele kuna gopura ya tatu, ndiyo kubwa kuliko zote, ina kumbi mbili pembeni kama mabawa, halafu ya pili, halafu ya kwanza, halafu ua wa mwisho wenye patakatifu. Mnara wa patakatifu umeanguka, ni lundo la mawe. Wakhmer hawakuwa wanatumia tao la kweli lile la mawe yanayobanana kwa duara, walikuwa wanapanga mawe safu juu ya safu, kila safu inatokeza mbele kidogo kuliko ya chini yake mpaka kuta mbili zikutane juu. Inafanya kazi, lakini chumba lazima kiwe chembamba na ukuta uwe mnene na uzito wote unashuka chini moja kwa moja, ukiteleza msingi kidogo tu au mzizi ukiingia, kwaheri. Ndo maana kwenye mahekalu yao mengi unakuta kuta zimesimama na juu kumeanguka.

Ila kitu kinachonishangaza kwenye ua wa mwisho sio mnara ulioanguka, ni madirisha. Umezungukwa na kumbi ndefu pande zote, na madirisha yake yanatazama ndani, uani. Upande wa nje ukuta umeziba. Sasa elewa uko wapi, uko ukingoni mwa jabali, nje ya ukuta huo kuna mandhari ambayo leo hoteli ingeuza chumba kwa bei ya kukufilisi, unaona nusu ya Kambodia. Na fundi kaziba! Kakupandisha mita 800 ukiwa umeinama halafu kakunyima kuchungulia. Mtu wa leo anaona ni ushamba, mimi naona ndo ujanja wote wa jengo ulipo. Hukuja kuangalia bonde, umekuja kwa Bwana wa Kilele, na mwisho wa safari yako ni yeye, sio mandhari. Jengo zima ni mwendo mmoja wa kwenda sehemu moja, na mwendo huo una mwanzo na una mwisho, ukikata kipande chochote umebakiwa na magofu mazuri lakini hekalu hauna.

Kwa nini sasa walielekeza kaskazini? Mahekalu mengi ya Wakhmer yanatazama mashariki, Angkor Wat inatazama magharibi na watu wanabishana mpaka leo kwa nini, hili likatazama kaskazini. Jibu la kwanza ni la mlima wenyewe, kaskazini kuna mteremko wa kupandika na kusini ni jabali. Lakini jibu la pili ni kwamba kaskazini ya Dangrek hakukuwa ugenini. Uwanda wa Khorat wote ule ambao leo ni Thailand ya kaskazini mashariki ulikuwa sehemu ya dola ya Wakhmer, kuna Phimai huko, kuna Phnom Rung, mahekalu ya Kikhmer kabisa, na Phimai imejengwa ikitazama kusini kuelekea Angkor. Mpaka leo Surin, Buriram na Sisaket kuna watu wanaoongea Kikhmer nyumbani kwao na wana pasipoti ya Thailand. Kwahiyo mtu wa Thailand akikuambia "ona, mlango uko kwetu, kwahiyo ni letu", anasema kweli nusu, mlango uko kwenu leo, ila walioutengeneza walikuwa wanaukaribisha ufalme wao wenyewe. Na mtu wa Kambodia akikuambia "ni letu toka enzi", sawa, ila ujue hiyo enzi hekalu lilikuwa katikati ya kitu, sio mwisho wa kitu. Halikujengwa mpakani, mpaka ndo ulilifuata.

Halafu kuna njia ya pili ambayo watu wanaisahau. Upande wa mashariki kuna ngazi za zamani zinazoshuka moja kwa moja kwenye tambarare ya Kambodia, kali kwelikweli, leo wameweka ngazi za mbao juu yake zinazohesabiwa vidato 2,242. Kwahiyo watu wa chini walikuwa na njia yao. Kwa macho yangu ile ya kaskazini ni ya maandamano na tembo na zawadi za mfalme, hii ya mashariki ni ya mtu aliyebeba mchele kichwani. Jengo lilikuwa na milango miwili kwa pande mbili za mlima, na hakuna upande uliokuwa mgeni.

Sasa tuje kwenye karatasi. Februari 1904 Ufaransa iliyokuwa inaishika Kambodia ikasaini mkataba na Siam, ndo Thailand ya leo, kwamba mpaka kwenye safu ile utafuata mgawanyo wa maji, yani mvua ikinyesha, maji yanayoteremkia kaskazini ni ya Siam, yanayoteremkia kusini ni ya Kambodia. Rahisi eh? Ikaundwa tume, maafisa wa Kifaransa wakapima, na Siam wenyewe wakaomba Wafaransa wawachoree ramani kwa sababu hawakuwa na wataalamu wa kutosha. Zikatoka ramani 11, zikachapwa Paris, na ile ya Dangrek ikaweka hekalu upande wa Kambodia, wakati mteremko wake wote unaelekea kaskazini. Mwaka 1908 zikafika Bangkok. Na hapa ndo pa kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja, Prince Damrong aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani hakulalamika, alishukuru, na akaomba nakala nyingine 15 awagawie magavana wake wa mikoa.

Nakala 15! Ukisoma hukumu ya mahakama unaona kama zile nakala ndo zilizowazika.

Miaka ikaenda. Mwaka 1930 huyohuyo Damrong akaenda kutembelea hekalu, akapokelewa na mkuu wa Kifaransa wa eneo lile na bendera ya Ufaransa inapepea, akatembea, akarudi, akawatumia Wafaransa picha za safari na barua ya asante. Mwaka 1934 na 1935 wapimaji wa Siam wakaenda wenyewe wakagundua ramani na mgawanyo wa maji havilingani, ila serikali ikaendelea kutumia ramani zilezile. Mwaka 1941 kwa msaada wa Japani wakalichukua, 1946 wakarudisha, Kambodia ikapata uhuru 1953 na mwaka uliofuata Thailand ikapeleka walinzi wake pale juu. Sihanouk, mtawala wa Kambodia, akaenda Mahakama ya Kimataifa The Hague mwaka 1959.

Hukumu ilitoka tarehe 15 Juni 1962, majaji 9 kwa 3, hekalu ni la Kambodia. Na majaji hawakusema mgawanyo wa maji uko wapi, walisema haina haja, Siam ilipewa ramani ikanyamaza miaka hamsini ikafaidika na mkataba, haiwezi kugeuka leo. Sisi na Malawi tunaoshikana mashati kwenye Ziwa Nyasa kwa karatasi ya Waingereza na Wajerumani ya 1890 tunaijua vizuri hiyo ladha ya mkoloni kuchora na mwenyeji kulipa.

Ila kuna sentensi moja kwenye ile hukumu ambayo mi naona ndo kiini cha makala hii. Majaji walisema pande zote zimeleta pia hoja za hali ya eneo, za historia, za dini na za akiolojia, ila mahakama haiwezi kuziona kuwa za kuamua kisheria. Basi, zikawekwa pembeni. Kisheria sina ugomvi nao, ukifungua mlango wa "babu zetu walijenga" hakuna mpaka duniani utakaobaki salama, na pengine nusu ya Thailand ya mashariki ingedaiwa na Kambodia kwa hoja hiyohiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba jengo lilihukumiwa bila jengo kusikilizwa. Uliamuliwa umiliki wa mawe, haikuulizwa mtu atayafikiaje.

Thailand walikasirika mno. Julai 1962 walipoondoka hawakukubali kushusha bendera, waling'oa mlingoti mzima na bendera yake ikiwa juu inapepea wakaubeba mpaka upande wao kwenye jabali la Mor I Daeng. Naona hao wanajeshi wamebeba mti wa bendera begani wanashuka zile ngazi, vidato vilevile vinavyokufanya uiname. Januari 1963 Sihanouk akapanda kwa miguu toka upande wa chini wa jabali na msafara wake, akafanya sherehe, na akasema jambo ambalo wanasiasa wa leo wangekufa kabla ya kulisema, kwamba Wathai wanaruhusiwa kuja kuhiji pale bila viza, na vitu vya kale walivyochukua ambavyo mahakama iliagiza warudishe, basi haidai. Mtu ameshinda kesi anafungua mlango wa mbele. Hilo halitajwi sana.

Halafu vita. Mji mkuu Phnom Penh uliangukia Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti, Aprili 1975 lakini pale juu wanajeshi wachache wa serikali iliyoanguka walishikilia mpaka Mei, maana nani atakupandia jabali. Na Juni 1979 pakatokea kitu ambacho ndo sababu siwezi kuandika kuhusu mandhari ya pale kwa furaha. Jeshi la Thailand liliwapakia wakimbizi wa Kambodia kwenye mabasi, zaidi ya watu 40,000, likawapeleka pale mpakani likawasukuma washuke lile jabali kwa miguu, usiku, kurudi kwenye nchi waliyoikimbia, na huko chini kulikuwa na mabomu ya ardhini. Maelfu walikufa, kwa mabomu, kwa kiu, kwa kupigwa risasi wakijaribu kurudi juu. Ule ukingo ambao fundi wa karne ya 11 aliuzibia madirisha, hao ndo waliouona.

Mwishoni mwa 1998 mabaki ya Khmer Rouge walikubali kujisalimisha kwenye mazungumzo palepale hekaluni, na hapo kikaanza kipindi ambacho watu wanakisahau kwa sababu hakina milipuko. Toka 1998 mpaka 2008, ukiacha siku ambazo palifungwa, mtu alikuwa anaweza kufika kwa upande wa Thailand, anakata tiketi, anavuka, anapanda zile ngazi 160 na zake, anapita majoka, anageuka kwenye gopura ya nne, anafika juu, jioni anarudi kwao. Hakuna viza. Walinzi wa Kambodia wanauza soda. Jengo lilikuwa linatumika kama lilivyojengwa, kaskazini kwenda kusini, na mpaka ulikuwepo palepale na haukumuua mtu.

Tarehe 7 Julai 2008 UNESCO ikaliweka kwenye urithi wa dunia kwa ombi la Kambodia. Ungedhani ni sherehe. Bangkok wapinzani wakaifanya fimbo ya kuichapia serikali, waziri wa mambo ya nje Noppadon Pattama akajiuzulu siku chache baadaye, na Kambodia nako kulikuwa na uchaguzi mwezi huohuo kwahiyo hakuna aliyetaka kuonekana mpole. Geti la kaskazini likafungwa. Wanajeshi wakaja, Oktoba risasi, 2009 risasi, Februari 2011 mizinga mpaka mawe ya hekalu yakatobolewa na magunia ya mchanga yakapangwa kwenye kuta zilezile za Suryavarman. Novemba 2013 mahakama ikasema tena, kwa kauli moja, kwamba kipande chote cha mlima kilichobeba hekalu ni cha Kambodia, ila kilima cha jirani cha Phnom Trap hakimo. Julai 2025 wakachapana siku tano kwenye mpaka wote, malaki ya watu wakahama makwao, Desemba wakarudia.

Mpaka kabla ya mapigano hayo ya 2025 ukienda ulikuwa unaenda kwa upande wa Kambodia, na wamejenga barabara ya zege kali ajabu, unapandishwa na pikipiki au pikapu mpaka juu, unashushwa pembeni ya njia, karibu na zile nguzo za lango la chini. Yani unaingia kwa ubavuni. Hukuinama. Ile ngazi kubwa unaiona kwa juu inateremka kwenda mahali ambapo huruhusiwi kwenda, unapiga picha unageuka. Ni kama kuingia msikitini kwa dirisha la stoo halafu ukasema umeuona.

Ndo maana nasema kilichopotea sio ardhi. Kambodia wana ardhi, na kisheria ni yao, mi sina shida na hilo na anayeleta habari ya mlango kutazama kwao alete kwanza jibu la zile nakala 15. Thailand nao wana nchi kubwa, kilomita za mraba 4.6 za kuzunguka hekalu zilizokuwa zinapigiwa kelele haziwafanyi matajiri. Kilichopotea ni ule mwendo, kazi yenyewe ya fundi, mita 800 ambazo hazifai kuanzia katikati. Na huo hauhitaji kusogeza mpaka hata sentimita. Unahitaji geti chini ya ngazi, karani wa kukata tiketi, na saa ya kufungua na saa ya kufunga, kitu ambacho pale pale kilishawahi kuwepo miaka kumi na watu wakakizoea mpaka hawakukiona.